Harufu ya samaki siku ya kunde

Siku ya nne baada ya Idd, mnamo saa mbili usiku, nilikuwa kwenye korido ya nyumba ya Mama, Ngamiani, Tanga, nikipiga pasi kanga zake. Birika la umeme lilikuwa linachemka kwenye kimeza pembeni yangu. Nikasikia harufu ya samaki. Si wa kukaanga. Ni ile shombo ya samaki aliyesahauliwa kwenye mfuko tangu asubuhi.

"Mama, nani kaleta samaki?"

"Samaki gani, mwanangu? Leo tumekula kunde."

Akamsingizia paka wa jirani. Nikainama chini ya kimeza, nikafungua friji, nikanusa ndoo ya taka. Hakuna kitu. Harufu ilizidi nilipopeleka pua nyuma ya friji, kwenye soketi. Uso wake, niliokuwa nikiujua mweupe, ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kuzunguka tundu moja plastiki ilikuwa imeanza kutoa malengelenge. Nikaugusa kwa mgongo wa kiganja.

Ulikuwa wa moto kama bakuli la uji.

Pasi, birika na friji, vyote vitatu vilikuwa kwenye adapta moja. Nikavizima, nikavichomoa. Adapta yenyewe iligoma kidogo, kisha ikatoka na ncha ya plastiki inayovutika kama bazoka.

Baadaye nilikuja kujua kwamba plastiki nyingi za soketi na swichi za zamani zikipata joto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana kabisa na ya samaki. Ungekuwa Dodoma ungeshtuka. Tanga, nani ashtuke kwa harufu ya samaki? Mama alikiri kwamba alikuwa akiisikia tangu mwanzo wa Ramadhani, akidhani inatoka uani kwa wapangaji.

## Msokoto

Swali la kwanza lililonijia: kwa nini fyuzi haikukata?

Nikazima mein switchi, nikawasha tochi ya simu, nikaenda kuangalia. Naomba usiniige hapa. Kuzima mein switchi hakuzimi kila kitu. Waya unaotoka kwenye mita kuja kwenye mein switchi yenyewe unabaki na moto saa zote, na vidole vyangu vilikuwa karibu nao kabisa bila mimi kujua.

Sanduku letu la fyuzi ni la chuma, jeusi, la tangu enzi za babu. Juu yake iko mita ya Luku, nyeupe, na namba zake zinazowaka. Kwa miaka tumekuwa tukisimama mbele ya ukuta ule kuingiza tokeni na kuhesabu uniti zilizobaki, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshusha macho kidogo akatazama kilicho chini ya mita.

Nikavuta fyuzi ya mstari wa soketi. Ni zile za kaure, za kuchomoa kwa vidole, zenye skrubu mbili na waya mmoja katikati. Waya wa fyuzi ya ampea 15 ni mwembamba, unene wake nusu milimita. Nilichokikuta ni nyuzi za shaba zilizotolewa kwenye waya wa kawaida zikasokotwa pamoja. Nikazihesabu: tisa. Nikavuta fyuzi ya pili iliyokuwa ubavuni pake. Msokoto uleule.

Na mkono ule niliujua. Baba alikuwa anasokota waya kuelekea kushoto, kisha anakunja ncha iwe tundu dogo kama jicho la sindano. Alifunga hivyo antena ya redio, mguu wa miwani yake, na mlango wa banda la kuku. Amefariki mwaka 2009, na jicho lile la sindano lilikuwa linanitazama kwenye mwanga wa simu.

Nikakaa chini, sakafuni.

Kila uzi mwembamba wa namna ile, peke yake, ni karibu sawa na fyuzi ya ampea 5. Tisa kwa tano, arobaini na tano, mahali palipotakiwa 15. Hesabu hiyo si kamili, maana nyuzi zikisokotwa pamoja hazijumlishwi kirahisi hivyo, lakini ilitosha kuninyima usingizi. Waya za ukutani zingeungua kwanza ndipo fyuzi ifikirie kukata.

Nilirudi Dar es Salaam keshokutwa yake, na kwa wiki sita nikawa nagombana na marehemu. Kwenye daladala nagombana naye. Kazini, katikati ya hesabu za watu, nagombana naye. Wewe ndiye uliyetupiga marufuku kuingiza vidole kwenye soketi. Wewe ndiye uliyekuwa unazima redio kila radi ikipiga. Halafu kitu kimoja kilichowekwa kutulinda, ukakifunga mdomo kwa mkono wako mwenyewe?

## 1983

Aliyekuwepo mwaka ule hahitaji kuelezwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha lakini njaa ya vitu ilikuwa imebaki, sabuni ni kwa foleni ya RTC, duka la serikali, na msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umewafanya hata wenye maduka waogope bidhaa zao. Waya wa fyuzi huja kwenye kadi ndogo, umezungushwa kwa unene tofauti, 5, 15 na 30. Kadi ya nyumbani kwetu ilikuwa imebaki waya wa 5 peke yake, na huo nao shubiri moja.

Mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani. Mama alikuwa na jiko la koili, na wapangaji wawili wa vyumba vya nyuma kila mmoja na lake. Jioni wote watatu wakibandika ugali kwa wakati mmoja, fyuzi ilikuwa inavumilia kidogo, kisha inakata. Nilikuwa darasa la saba. Taa ya mezani niliyosomea ilikuwa kwenye mstari uleule wa soketi, kwa hiyo kila sufuria za watu zilipochemka, mimi nilirudi kwenye koroboi.

Kila jioni Baba anafunga, kila jioni inakata. Usiku mmoja alikaa mbele ya sanduku muda mrefu kuliko kawaida. Baada ya hapo haikukata tena.

Tulifurahi. Mimi nilifaulu.

Ndiyo maana hasira yangu ilikuwa haikai sawasawa. Kila nikimshitaki, napelekwa kwenye meza ileile, chini ya taa ileile. Naandika blogu hii kwa elimu iliyopita kwenye msokoto ule.

Lakini kuna kitu kingine. Hali ilipokuwa nzuri, miaka ya 1990, maduka yakijaa, kwa nini hakurudi kuutoa? Jibu nililonalo silipendi: kwa sababu haukumsumbua tena. Fyuzi inayokata unaikumbuka kila jioni. Isiyokata unaisahau miaka arobaini.

## Fundi wa saa mbili

Niliporudi Tanga kurekebisha umeme ule, jirani alituletea fundi kijana, mchangamfu, amekuja na breka mpya kwenye mfuko kabla hata hajaona sanduku.

"Dada, hii ni kazi ya saa mbili. Tunang'oa hilo dude, tunaweka breka sita, umemaliza."

Nilikaribia kukubali. Bei ilikuwa nzuri, Mama alikuwa ameshampenda, na mimi nilikuwa na haraka ya kuuondoa ule msokoto ukutani kama mtu anayeondoa mwiba. Nikamuuliza, karibu kwa bahati tu, "Na waya za ndani?"

"Waya za zamani ni kopa tupu, dada. Imara kuliko hizi za sasa."

Hakudanganya. Shaba ni shaba. Tatizo ni kwamba shaba haijawahi kuwa ndiyo inayozeeka. Nyumba ya babu ilivutwa umeme kabla ya Uhuru, na waya za wakati ule zilivikwa mpira na kufumwa nguo ya pamba juu yake. Mpira una umri. Nikamwomba apande darini aangalie. Akasema ngazi hana, atarudi kesho.

Mpaka leo ni kesho.

## Skrubu

Wa pili nilimpata kupitia mtu wa Makorora. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, akaonyesha leseni yake ya EWURA bila kuombwa, kisha akaomba maji ya kunywa na kiti. Hakwenda kwenye sanduku. Alikwenda kwenye soketi iliyoungua, akachomeka tesita kwanza kwenye soketi nyingine anayojua ina umeme, ikawaka. Ndipo akazima, akarudia kupima, akafungua.

"Tesita nayo hufa," alisema. "Ukiiamini bila kuiuliza, utakufa nayo."

Ndani, skrubu moja ilikuwa inacheza. Akaizungusha kwa kucha. Ncha ya waya uliokuwa chini yake ilikuwa nyeusi, na mpira umeliwa kama upana wa vidole viwili.

"Hii ilianza kulegea zamani. Waya unapata joto, unapoa, unapata joto, unapoa. Na chumvi ya bahari haikai bure."

"Kwa hiyo fyuzi ingekuwa sahihi, ingekata?"

"Isingekata, dada."

Nilidhani hakunielewa. Nikamweleza tena kuhusu msokoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hata ningeweka fyuzi mpya kabisa, hata breka ya leo asubuhi, isingekata.

Hesabu yake ni hii, na nimeirudia mwenyewe mara nyingi. Fyuzi na breka ya kawaida zinatazama kitu kimoja: umeme kiasi gani unapita. Pasi na birika vinavuta kama ampea 13, friji nayo kidogo, jumla haijafika 15. Fyuzi haina cha kulalamikia; na hata ingefika 20, fyuzi ya waya hubeba tu, huanza kukata kwa uhakika ikikaribia mara mbili ya namba yake. Sasa weka skrubu iliyolegea njiani, yenye ukinzani wa nusu omu. Kwa ampea 10 tu, pale kwenye ile ncha ndogo panazaliwa joto la wati 50. Unaikumbuka balbu ya zamani ya wati 60, iliyokuwa inaunguza vidole? Ichukue, ifungie ndani ya boksi la ukutani, nyuma ya friji. Umeme unaopita ni uleule wa halali. Joto ndilo haramu.

Wiki sita nimegombana na Baba kwa ajili ya skrubu.

Nisingesema nilifarijika. Fundi naye hakuniachia nafasi, aliushika ule msokoto, akaugeuza kwenye mwanga, akasema kwa heshima kabisa, "Huu nao ungewamaliza siku nyingine." Nikabaki na makosa mawili badala ya moja, moja likiwa la marehemu na jingine halina mwenyewe.

## Kaka alisema

Nilimuuliza kwa nini kila mstari una fyuzi mbili. Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za kijiji chake.

"Moja ya moto, moja ya nyutro. Wazee walifunga hivyo. Mtindo huu uliachwa siku nyingi."

Akavuta fyuzi ya nyutro ya mstari wa taa, akamwomba Mama awashe taa ya chumbani. Mama akabonyeza. Giza.

"Imekufa, Bi Mkubwa?"

"Imekufa."

Akapanda kwenye stuli, akatoa balbu, akapeleka tesita ndani ya holda. Ikawaka nyekundu.

Mama alisema "Lailaha!" na kurudi nyuma mpaka mlangoni.

Ikikata ya nyutro, taa inazimika kwa sababu umeme hauna njia ya kurudi, lakini wenyewe umeshafika mpaka kwenye holda, umekaa pale unasubiri. Mtu akishika, njia ya kurudi ni yeye, kupitia miguu yake mpaka ardhini. Na kwa macho huwezi kujua ni fyuzi ipi kati ya mbili iliyokata.

Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na moja aliporushwa kutoka kwenye stuli chumba kilekile. Alisema taa ilikuwa imezimika, fyuzi imekata, akapanda kutoa balbu aangalie. Baba alisema haiwezekani, lazima aligusa swichi, na akamkaripia kwa kusema uongo mbele yetu sote. Yeye hakubadilisha maneno yake hata siku moja, na sisi hatukumwamini hata siku moja. Sasa anaishi Muscat. Nikamtumia video ya tesita.

Akajibu kwa sauti, sekunde tatu: "NILISEMA!"

Kisha ikaja nyingine ndefu, ambayo haihusu blogu hii, na mwisho wake akasema nusu ya gharama ni juu yake.

## Vaa ndala

Nyumba yetu ina sheria ambayo hakuna anayekumbuka ilitungwa na nani: usifungue friji miguu mitupu. Linapiga kidogo. Mgeni akija anaambiwa choo kiko wapi, kisha anaambiwa avae ndala. Tulilichukulia kama tabia ya friji lenyewe, kama mtoto mwenye hasira.

Fundi alifuata waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, kutoka kwenye sanduku. Ulitoka nje, ukashuka ukutani, ukafungwa kwenye bomba la maji, kama ilivyokuwa desturi: bomba la chuma linaingia ardhini, basi nalo ni ethi. Akachimba kidogo kwa bisibisi. Chini ya udongo, bomba la chuma lilikuwa na urefu wa mkono mmoja. Baada ya hapo, plastiki. Lile la zamani liliota kutu likawa linavuja, akaja fundi bomba, akalikata, akaunga la plastiki, akalipwa akaenda. Hakuna aliyefikiria umeme siku hiyo. Ethi ya nyumba nzima ilikatwa na msumeno wa fundi bomba, na dalili pekee tuliyoipata ni friji kuanza kupiga.

Nikauliza, tukiweka ethi mpya, fyuzi itakata friji likipata hitilafu? Hapa nilijifunza jambo lililonibadilisha zaidi ya yote. Chukua fimbo ya ethi nzuri, yenye ukinzani wa omu 20 na udongo. Volti 230 kugawanya kwa 20 ni ampea 11 na nusu. Fyuzi ya 15 haikati! Moto wote uko kwenye bodi la friji, unamwagika ardhini, na fyuzi imetulia. Kwa mtu ni mbaya zaidi, maana milliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuuvuruga moyo, na ampea 15 ni hizo mara mia tano.

Fyuzi inalinda waya. Binadamu hayumo kwenye hesabu yake.

Anayemhesabu binadamu ni ile breka ya kuvuja, mafundi wanaiita RCD. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na zikipotea milliampea 30 njiani inakata kabla hujamaliza kusema "ah". Nikasema basi, tuweke hiyo, waya tuziache. Nilikuwa bado natafuta njia ya mkato, nakiri.

Akatoa mega, kipimo cha kuonyesha kama mpira wa waya bado unazuia umeme, akapima waya za zamani kwa volti 500. Kiwango cha chini kinachotakiwa ni megaomu 1. Zetu hazikufika hata sehemu ya kumi yake. "Nikikufungia RCD kwenye hizi, itakata asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya pili Bi Mkubwa atamwita kijana airuke."

Na angemwita. Wote tungemwita. Ni 1983 tena, kwa vifaa vya kisasa.

## Darini

Nilipanda naye. Chini ya bati, saa sita mchana, Tanga. Sitaki kuelezea joto lile.

Waya zilipita juu ya mbao, mbili mbili. Alikunja mmoja kidogo mbele yangu, na mpira ukapukutika kama biskuti iliyokaa wazi, shaba ikabaki uchi, inang'aa, imara kweli kama alivyosema yule kijana. Panya walikuwa wamekula nguo ya pamba hapa na pale. Mbele zaidi tukakuta waya wa kijani, wa plastiki, umeungwa kwenda chumba cha mpangaji. Kijani kwa desturi ya zamani ni ethi. Nikanyoosha mkono kuusogeza nipite.

"Usiguse!"

Tesita ikawaka. Mtu fulani, miaka ileile ya shida, alikuwa na kipande cha kijani tu, akakitumia kupeleka moto. Rangi ni ahadi, na huyu aliahidi kwa alichokuwa nacho. Hata leo inachanganya: nyekundu na nyeusi za zamani, kahawia na bluu za sasa, na nyumba nyingi zina zote nne ukuta mmoja.

Nikiwa nimekaa juu ya boriti nikisubiri pumzi irudi, niliwaza habari za Tanga hii na umeme wake. Kampuni iliyokuja kuwa TANESCO ilianzishwa mwaka 1931, na maji ya maporomoko ya Pangani ndiyo yaliyokuwa tegemeo lake huku kwetu. Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Alijenga nyumba hii kwa fedha za miaka ile mkonge ulipopanda bei kwa sababu ya vita vya Korea. Baadaye kikajengwa kituo cha Hale, 1964. Kisha Pangani mpya ya megawati 68, 1995. Nguzo zikabadilishwa, mita zikabadilishwa mpaka ikaja Luku. Njia yote kutoka mtoni imefanywa upya, ila hizi mita chache za mwisho zilizo juu ya vichwa vyetu tukilala. Na hizi si za shirika. Baada ya mita, ni zako.

## Ukuta wa Mama

Mama alikataa. Kuta zile ni za mawe na udongo, zimepigwa chokaa na Baba mwenyewe, na kuzichimba kuficha waya ni kumchimba yeye. Njia za plastiki za kubandika juu ya ukuta nazo hakuzitaka: "Nyumba itafanana na zahanati." Nikamwambia ni hatari. Akaniuliza kama nyumba imeungua. Nikasema bado. Akasema, "Basi."

Aliyemgeuza ni fundi, wala si kwa hoja ya usalama. Alimuuliza tu jioni moja wakinywa kahawa: "Bi Mkubwa, mjukuu akija hapa hajui sheria ya ndala, nani atamwambia?" Mama hakujibu. Asubuhi alikuwa anahamisha vyombo.

Waya zilipita darini na kushuka nyuma ya fremu za milango, kuta hazikuguswa ila mahali pawili. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, mistari miwili tofauti ili jikoni isimwonee mtu. Breka kwenye moto peke yake. RCD juu yake. Fimbo ya ethi ya kwanza iligonga jiwe la matumbawe karibu na mti wa mwarobaini ikakataa katakata; ya pili iliingia yote pale karibu na karo, ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagika kila siku, na fundi alisema penye unyevu ndipo ethi inapopenda. Siku nne. Zaidi ya mara nne ya bei ya yule kijana.

Nilitegemea uniti zitapungua, maana mtaani wanasema nyumba ya zamani umeme unavuja. Hazikupungua kwa kiasi cha kuandika.

Mama alidai swichi moja ibaki, ile ya mviringo, nyeusi, ya chumba chao. Fundi akaikata kabisa na umeme, akairudisha ukutani pale pale. Ukiibonyeza inalia *tak*, ile ile. Haiwashi chochote.

Mwisho wa kazi alimwita mbele ya sanduku jipya, akamwonyesha kitufe chenye herufi T. "Kila mwezi mara moja, bonyeza hapa. Ikizima, iko hai. Isipozima, nipigie." Mama akabonyeza. Nyumba nzima ikazima, na kabla sijasema neno alikuwa ameshafika kwenye droo ya kabati, gizani, bila kupapasa, akatoa bisibisi ya Baba na ile kadi ya waya wa fyuzi yenye shubiri moja.

Akasimama navyo mkononi. Fundi akainua swichi, taa ikawaka.

Akavirudisha kwenye droo.

Juzi jioni simu iliita. Alikuwa na sauti ya mtu anayezuia kicheko.

"Mwanangu, korido inanuka samaki."

Moyo ukanipasuka. "Mama, zima mein—"

"Ni changu."

"Chako nini?"

"Changu, samaki. Kilo moja. Nakaanga."